Breki ya Lonzo Gatewood

Zeola Partee alikwenda dukani kwa Otha Selmon kununua mafuta ya taa, akakuta ameibiwa. Hakuibiwa kuku wala nguo kambani. Hayo angeyasema yakaisha. Mashine ya santuri iliyokuwa pembeni mwa duka ilikuwa inapiga gita lake. Lake yeye, lile la kukwaruza na kunguruma, linalopanda kama mtu anayepandwa na hasira, halafu katikati ya moto wote linanyamaza kimya, halafu linarudi. Alisimama mlangoni na kopo lake mkononi, haamini masikio yake. Vijana waliokuwa wanacheza walifika pale pa kunyamaza wakaganda wote, mguu mmoja hewani, wanacheka. Gita liliporudi, nao wakarudi.

"Unaionaje hiyo, dada Zeola?" Otha akamuuliza. "Ndiyo Breki ya Lonzo. Lonzo Gatewood, yule kijana aliyekuwa anakata magogo huku kwetu. Memphis nzima inaganda."

Zeola akasema hiyo si breki, na wala si ya Lonzo. Otha akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia jirani yake, akamwambia asijali, kila mtu hapa milimani anajua kwamba na yeye anaijua, tena anamwiga Lonzo vizuri mno, mtu asiyejua angedhani ni mwenyewe.

Anamwiga! Zeola aliondoka bila mafuta. Akatembea njia nzima anajisemea peke yake, na watu wa wilaya yao ya Panola waliompita na magari wakadhani anaimba.

Ukitaka kujua kwa nini neno lile lilimchoma, ujue kwanza kwamba gita lake halikuanza likiwa gita. Lilianza likiwa waya. Zeola alipokuwa mtoto alifungua waya uliofunga ufagio wa bibi yake, akaupigilia misumari kwenye ukuta wa nje wa nyumba, akaukaza kwa kipande cha tofali, akawa anaudonoa kwa kidole huku anatelezesha chupa juu yake. Nyumba yenyewe ya mbao, kwa hiyo ukuta mzima ukawa unalia. Bibi mwingine angetoka na fimbo. Bibi Pinkie alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta ule ule, anakanda unga wa mahindi, akanyamaza akasikiliza. Mtoto alipofika mwisho wa kipande chake akatua, hajui aende wapi, sauti ikatoka ndani: "Enhe."

Enhe tu. Enhe ile ya mtu anayekwambia nakusikia, lete mengine. Mtoto akaleta mengine. Akatua tena, akaitikiwa tena. Na kuanzia hapo Zeola hakuweza kabisa kupiga kitu bila kuacha nafasi ya bibi yake. Hata alipokuwa peke yake kondeni, anapiga vidole kwenye mpini wa jembe, nafasi ile aliiacha.

Bibi Pinkie alikuwa Mama wa Kanisa pale kwenye kanisa la utakatifu, na watu wa utakatifu, tofauti na wale wa makanisa mengine, hawaogopi gita. Zeola alipopata gita la umeme alilipeleka huko huko. Kanisa lilikuwa na tundu moja tu la umeme, karibu na dirisha, na waya wa boksi la spika ulikuwa mfupi, basi boksi likakaa dirishani. Mchungaji akaomba mdomo wa boksi ugeuzwe nje, lisije likawaziba watu masikio kabla ya mahubiri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ndani watu wanasikia gita na wanamsikia Bibi Pinkie kwenye kiti chake cha mbele akiitikia, nje, barabarani, wenye dhambi walioegemea magari yao wanapata gita tupu, linawafokea usoni. Na Zeola alikuwa akilifungulia boksi lile mpaka linanguruma. Hakuna aliyekuwa akipiga hivyo milimani kote wakati ule, mwanamume wala mwanamke. Watu walitoka mbali kuja kusimama nje ya dirisha. Lonzo Gatewood alikuwa mmoja wao, kila Jumapili, amekalia boneti ya lori la magogo anatafuna karanga.

Kisha Otha akamwomba Zeola apige kwenye sherehe yake ya mbuzi ya Agosti, penye gongo na dansi, na Zeola akakubali. Bibi Pinkie hakugombana naye. Afadhali angegombana. Aliendelea kumpikia, akamwombea alipougua, akamshonea gauni. Lakini Enhe hakumpa tena. Si kwenye gita tu. Zeola akiwa mezani anasimulia habari, nani kaolewa, nyumbu wa nani kaanguka mtoni, akifika pale ambapo mtu yeyote mwenye roho angesema Enhe, bibi yake anatafuna chakula taratibu na kutazama sahani. Jamani, jaribu kusimulia hadithi kwa mtu asiyeitikia. Zeola aliacha kusimulia. Miaka ikapita hivyo, na kwenye sherehe za Otha ile nafasi ikabaki tupu. Ndiyo maana sasa hakukuwa na mtu wa kuitofautisha na ya Lonzo.

Agosti ile Lonzo akarudi nyumbani. Alikuja na gari la rangi ya maziwa, suti ya rangi ya maziwa, na gita jekundu linalong'aa hadi unataka kulifunika. Uwanja wa Otha ulikuwa umejaa tangu asubuhi: mbuzi wako juu ya mashimo ya makaa, filimbi na ngoma zinazunguka, akina mama wana mikate na maharage, na gongo ya Otha inapita kwenye chupa za kuhifadhia matunda kama vile hakuna anayejua ni nini. Waya mrefu ulivutwa kutoka dukani hadi chini ya banda. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la nyumba yake, Bibi Pinkie alikuwa amekigeuza kiti chake kielekee shamba la mahindi, asiione sherehe. Alifanya hivyo kila mwaka.

Otha akapanda juu ya kreti, akamtangaza Lonzo kuwa ndiye mwenye breki iliyosimamisha Amerika. Watu wakapiga makofi. Akaongeza kwamba kabla yake dada yetu Zeola atatuchangamsha kwa mtindo huo huo wa Lonzo.

Hapo Zeola akashindwa kuvumilia. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya kreti, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mashimo ya mbuzi, "Sichangamshi mtu. Tukatane vichwa."

Uwanja ukalipuka. Kukatana vichwa si mchezo. Wapigaji wawili, wimbo mmoja, na waamuzi ni miguu ya watu. Anayeshindwa analaza gita lake chini kwenye majani, na wimbo ule hataugusa tena katika milima ile mpaka afe. Kila mtu anaijua kanuni hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja akabaki na heshima. Earline, rafiki yake Zeola, akamvuta mkono, akamuuliza kwa kunong'ona kama amerukwa na akili: yule ana santuri, ana redio, ana watoto wanaomjua kwa jina, akishindwa hapa atapiga nini tena maishani? Zeola akasema asipouchukua leo, wimbo wenyewe umeshakwenda, bora aulaze kwa mkono wake.

Lonzo akacheka, akavua koti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi. "Sawa, shangazi," akasema. "Ukichoka sema, tutakuletea kiti."

Alipiga yeye kwanza, na lazima tuseme kweli: alipiga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, alilizungusha gita mgongoni, akalipiga kwa meno, na Hosie, binamu yake Zeola aliyekuwa kwenye ngoma, akajikuta anatabasamu bila kupenda. Vumbi likapanda mpaka kwenye paa la banda. Na kila alipofika pale, tah! anasimama, mkono juu, na uwanja mzima unaganda naye, watoto kwa wazee, hata mwenye kugeuza mbuzi anaganda na uma wake. "Breki!" wakapiga kelele. Kisha akaachia, na watu wakacheza kama wamefunguliwa kamba. Alipomaliza walimbeba juu juu.

Zeola akachomeka gita lake. La zamani, limepasuka pembeni, na boksi ni lile lile la kanisani. Akaanza kwa hasira, na hasira ilimfaa. Boksi likanguruma, mtu mmoja karibu na banda akashika kifua. Watu wakacheza vilevile, wakacheza sana. Moyo wake ukapanda. Akafika penye nafasi, akaacha, na uwanja wote ukaganda na kupiga kelele kwa furaha, "Breki ya Lonzo!"

Ilikuwa kama kumwagiwa maji. Akarudia, wakaita jina lile lile. Wala hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanamfurahia. Lakini akaona wazi kwamba kila anapozidi kupiga vizuri, ndivyo anavyozidi kumjenga Lonzo. Angepiga mpaka vidole vitoke damu, na bado wangemshangilia Lonzo. Akatazama kile kinachofanywa na watu pale anaponyamaza: wanaganda, wanasubiri. Wote wanamsubiri yeye. Na yeye siku zote alikuwa akimsubiri mtu.

Akaacha kupiga kabisa. Minong'ono ikaanza. Lonzo akauliza kwa upole kama kile kiti kiletwe.

"Hosie," Zeola akasema, "njoo tugeuze boksi."

"Tuligeuze wapi?"

"Barabarani."

Hosie akamtazama, akatazama ng'ambo ya barabara kwenye kile kiti kilichogeuziwa mahindi, akaelewa. Akaweka vijiti chini. Wakalibeba boksi wawili wakalizungusha, mgongo kwa watu, mdomo kwa nyumba ya Bibi Pinkie. Watu wakalalamika, hawataki kupigiwa mgongoni. Mmoja akasema bibie amesusa. Zeola akainama, akaokota chupa tupu kwenye kreti ya Otha, akaivaa kidoleni, na badala ya nyuzi zote akachagua uzi mmoja tu.

Akaupiga polepole. Si kwa ajili ya kucheza. Hakuna ambaye angecheza vile. Aliupiga kama waya wa ufagio kwenye ukuta wa mbao, kwa mkono wa mtoto asiyejua aende wapi. Ukavuka barabara, ukapanda baraza. Akafika mwisho wa kipande, akatua.

Mahindi yanachezacheza.

Akapiga kipande kingine, akatua tena. Kijana mmoja mlevi akajaribu kusema breki, Earline akamziba mdomo kwa kiganja. Kiti cha baraza hakikusogea. Zeola alijua kwamba akikosa hapa amekosa vyote viwili, wimbo na bibi yake, mbele ya watu wote wa milimani. Akaupiga tena uzi ule, akaupandisha juu zaidi, kwa kusihi, akauliza swali lile lile aliloliuliza ukutani, akaondoa mkono.

Kiti kikalia. Kikageuka kidogo.

"Enhe," akasema Bibi Pinkie.

Hakupaza sauti. Hakuwahi kuhitaji. Lakini watu wa uwanja ule karibu wote walilelewa kwenye viti vya kanisa lile kabla ya kutorokea kwenye mbuzi na gongo, na sauti ile iliwaingia moja kwa moja hadi utotoni. Mzee mmoja akavua kofia bila kujua. Mama mmoja akashika shavu, akasema taratibu, jamani, jamani, kumbe ndiyo ile.

Na Zeola? Zeola alisahau kuendelea. Alisimama pale na chupa kidoleni, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na nafasi ikawa ndefu, ndefu kupita breki yoyote ya Memphis, mpaka Bibi Pinkie akalazimika kushika mkongojo na kusimama.

"Mimi nimeshakuitikia," akasema. "Mbona sasa wewe ndiye unaninyamazia?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikamfungua Zeola. Akatupa chupa, akazishika nyuzi zote, Hosie akarukia ngoma, na wimbo ukarudi kwa nguvu zake zote. Alipofika penye nafasi hakuna aliyeganda. Uwanja mzima ukajibu, "Enhe!" Akaleta mengine, wakamjibu. Wakacheza huku wanajibu, wakamjibu kwa mdomo na kwa miguu, mwenye mbuzi kwa uma wake, Otha juu ya kreti yake, watoto ambao hawakuwahi kukanyaga kanisa wakajifunza papo hapo. Wimbo ukawa na maana. Kila mtu aliona kwamba ule mwingine, pamoja na meno na mgongo wake, ulikuwa nusu. Mtu mmoja anaongea na hakuna wa kumjibu. Ng'ambo, Bibi Pinkie alikuwa amekigeuza kiti chote. Alikuwa anapiga mkongojo kwenye mbao za baraza, na ingawa yeye mwenyewe angekana, mguu wake ulikuwa unacheza.

Hakuna aliyehitaji kuuliza nani ameshinda. Lonzo alikuwa anacheza pia. Alikuwa ameanza kuitikia kabla ya wengi. Zeola alipomaliza, alikuja, akalishika gita lake jekundu kwa mikono miwili, akalilaza kwenye majani mbele yake. Suti ya maziwa ilikuwa imejaa vumbi magotini.

"Mimi nilikuwa nje ya dirisha," akamwambia. "Sikuwahi kumsikia bibi yako. Miaka yote hii nilidhani pale unapumua."

Zeola alikuwa ameyaandaa maneno mengi tangu siku ile ya mafuta ya taa, mengine ya kumtoa mtu ngozi. Hakuyakumbuka hata moja. Alimwambia aliokote gita, halitakiwi kulala kwenye unyevu. Apige popote anapotaka, Memphis, Chicago, kwenye redio, lakini aseme wimbo ni wa nani, na pale mahali asiache watu wameganda kama nguzo. Lonzo akasema atasema. Otha akajipenyeza kutaka kutangaza, akakutana na macho ya Zeola, akakumbuka ana mbuzi wa kuangalia.

Bibi Pinkie akaita kutoka barazani, akataka aletewe nyama. Uwanja ukashtuka, maana hakuwahi kula kitu cha sherehe ile. Earline akamuuliza, kwa adabu na kwa uchokozi, kama Mama wa Kanisa ana hakika.

"Mbuzi hakunywa gongo," akasema Bibi Pinkie. "Amechomwa tu. Na mwambieni huyo kijana wa breki ndiye aniletee."

Basi Lonzo Gatewood, ambaye Memphis nzima ilikuwa inaganda kwa mkono wake, alivuka barabara na sahani ya mbuzi na maharage, anatembea taratibu asimwage mchuzi, na watu wote wanamtazama. Zeola akamfuata nyuma. Lonzo akapanda ngazi za baraza, akainama, akaweka sahani mapajani mwa bibi. Bibi Pinkie hakuitazama sahani. Alimtazama yeye, akampisha Zeola akae karibu yake kwenye mbao za baraza, akamshika mkono, kisha akamgeukia kijana na kumngojea.

Lonzo alisimama pale, hana gita, hana pa kuweka mikono. Bibi Pinkie akampa muda. Halafu akamsaidia.

"Enhe?" akasema.

Na Lonzo akaanza kusimulia, tangu lori, tangu karanga, tangu dirisha.